Fimbo za mianzi alizokuwa anabeba guka

Jumamosi moja mwaka juzi nilienda mnada huko Karen, nyumba ya mzee mmoja mzungu alikuwa ameaga na watoto wake walikuwa wanauza kila kitu, mimi nilikuwa natafuta meza ya kulia. Meza zikaenda bei ya juu nikaachana nazo, nikaanza kuzungukazunguka tu, na huko nyuma kwa stoo nikaona pipa limejaa miavuli na fimbo za gofu na katikati kuna mfuko mrefu wa kitambaa cha kaki umefungwa na vikamba. Nikafungua. Fimbo ya kuvulia samaki, vipande vitatu vya mwanzi, kila kimoja kina pembe sita, rangi ya asali, nyuzi za hariri zimezungushwa kila baada ya vidole kadhaa, mpini wa koki (ile ya vizibo vya chupa) umekuwa mweusi pale kiganja kilikuwa kinashika. Mikono ilitetemeka, nasema ukweli. Nililipa 6,500 nikarudi nayo nyumbani kwa matatu nimeipakata kama mtoto mchanga.

Nilijua nimeshika nini kwa sababu ya guka. Guka wangu, baba ya mama, ni mtu wa Othaya, na mwanzo wa miaka ya 60 akiwa kijana aliandikwa kwa kambi moja ya wavuvi karibu na mto Gura, kazi yake ilikuwa kubeba. Anabeba kikapu, anabeba mabuti marefu ya mpira, anabeba fimbo. Asubuhi anaziunganisha, jioni anazitenganisha, anazifuta na kitambaa kikavu, anazitundika ukutani zilale wima usiku mzima ndio kesho zirudi kwa mifuko yake. Miaka sita alifanya hiyo kazi na hajawahi kurusha mshipi hata mara moja, haikuwa kazi yake na hakuna mtu alimuuliza kama angetaka. Tulipokuwa watoto alikuwa anachukua ufito wowote wa shambani anatuonyesha vile mkono unaenda, nyuma, unangoja, mbele, na hapo kwa kungoja ndio alikuwa anasisitiza. "Ngoja mshipi unyooke huko nyuma kwanza, ukiharakisha utashika nyasi."

Kwa hivyo Jumapili iliyofuata nikampelekea ile fimbo. Sai ako na miaka themanini na kitu, macho hayaoni vizuri, lakini alipotoa vipande kwa mfuko mikono yake ilijua kila kitu. Akashika kipande cha juu, ile ncha ya chuma inayoingia, akaisugua kidogo hapa kando ya pua, alafu akaiingiza kwa kile kingine ikakaa sawa bila kulazimisha. Nikamuuliza guka hiyo ni nini umefanya? Akasema chuma na chuma zinataka mafuta kidogo, sio mengi, yale ya pua yanatosha. Baadaye nilikuja kusoma kwamba wavuvi wa Uingereza na Marekani walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wengine kwa pua, wengine kwa nywele. Guka hakusoma mahali popote, aliona wenye fimbo wakifanya akashika.

Kwa wale hawajui, hawa samaki sio wa hapa. Trauti waliletwa. Mwaka wa 1905 mlowezi Ewart Grogan, yule wa safari ya Cape mpaka Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland wakawekwa mto Gura, alafu miaka michache baadaye wakaja wale wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, ndio maana leo ukienda Thego, Sagana, Chania, Naro Moru, yaani mito yote baridi inayotoka Mlima Kenya na Nyandarua, unawapata kama wenyeji. Na ni Grogan huyo huyo ambaye barabara yake ilibadilishwa jina ikawa Kirinyaga Road zamani sana lakini ukitafuta spea ya gari mpaka leo utaambiwa "enda Grogan". Walipokuja samaki zikaja na fimbo zao, kwa meli, na nyingi ninazokutana nazo hapa Nairobi ni za Hardy, kampuni ya mji wa Alnwick kaskazini mwa Uingereza iliyoanza 1872. Wenyewe wakahama au wakafa, fimbo zikabaki kwa dari na kwa stoo. Nimeona moja imefanywa fimbo ya pazia. Nimeona nyingine kwa hoteli moja imepigiliwa ukutani na misumari mitatu, msumari umepita katikati ya mwanzi, nikashindwa hata kumaliza chai.

Sasa wacha nieleze hii kitu ni nini juu watu huniuliza, si ni mwanzi tu, si hata Aberdare umejaa? Hapana. Fimbo hizi sio mwanzi mzima uliokatwa ukapakwa rangi. Fundi anachukua mwanzi mnene, anaupasua vipande vyembamba, kila kipande anakichonga kiwe na pembe tatu na kiwe kinapungua kutoka chini kwenda juu, alafu anaunganisha sita na gundi wanakuwa kitu kimoja kisicho na uwazi ndani. Hiyo kupungua inapimwa kwa sehemu ya elfu moja ya inchi. Ukikosea kidogo tu fimbo inakuwa nzito mbele au inalala katikati. Na mwanzi wenyewe lazima uwe ule unaitwa Tonkin, unaotoka Guangdong kusini mwa Uchina, eneo dogo tu. Yule mtaalamu wa mimea Mmarekani, Floyd McClure, ndiye aliupa jina la kisayansi 1931, akauita amabilis, yaani wa kupendeza. Mwanzi wetu wa milimani una ukuta mwembamba na uwazi mkubwa ndani, ni mzuri kwa ua na kwa vikapu lakini ukipasua hupati nyama ya kutosha kuchonga.

Lakini ngozi ya nje ndio kila kitu, na hapo ndio niliumia.

Fimbo yangu ya pili niliipata kwa jamaa anayenunua vitu vya nyumba za watu wanaohama, na hiyo ilikuwa Hardy kamili, juu ya mpini kumeandikwa kwa wino jina la kampuni, neno Palakona ambalo ndilo jina lao la fimbo za mianzi, na namba yake. Hiyo namba ni muhimu sana, wanaojua wanaitumia kukadiria mwaka fimbo ilitengenezwa. Shida ilikuwa vanishi, ilikuwa imepasukapasuka na kugeuka njano kama jino la mvutaji, na mimi nikiwa na haraka ya kuiona inang'aa nikaipeleka kwa fundi mmoja wa samani, fundi mzuri tu, ameshanitengenezea kabati, nikamwambia isafishe. Sikumwambia zaidi ya hapo. Niliporudi jioni alikuwa ameipiga msasa kutoka juu mpaka chini ikawa laini na nyeupe kama mwiko mpya, akaipaka vanishi ya milango tabaka mbili, na alikuwa amefurahi kunionyesha. Maandishi yote yalikuwa yamekwenda. Lakini maandishi ni afadhali. Nguvu ya mwanzi iko kwa ngozi, zile nyuzi zilizoshikana karibu sana na ganda la nje ndizo zinarudisha fimbo ikipindwa, na ndio sababu fundi wa kwanza anachonga pande za ndani tu, ganda la nje haligusi zaidi ya kulikwangua taka. Msasa ulikula ngozi. Nilipoenda kuirusha ilikuwa inapinda na kubaki huko, inarudi polepole kama mtu amechoka. Kitu kiliishi labda miaka themanini, kikavuka bahari, kikavumilia mvua za Nyeri, alafu mimi nikakimaliza kwa mchana mmoja. Fundi hakuwa na makosa, mimi ndio sikuuliza kabla ya kutoa. Inaniuma mpaka leo na siwezi kuandika hapa bila kuisema, juu kama kuna mtu mmoja atasoma na aache msasa chini basi imetosha.

Vanishi mbaya unaiacha. Kama lazima, unaikwangua pole pole kwa ukingo wa kitu butu, sehemu ndogo ndogo, siku kadhaa, na mahali pameandikwa hupagusi kabisa.

Tangu hapo nikaanza kusoma na kuangalia kwa makini kabla sijatoa pesa, na sai nikienda mnada ninatembea na futi ya fundi cherehani mfukoni. Kitu cha kwanza ni urefu. Fimbo ya vipande vitatu, vyote vitatu vinatakiwa kutoshana, na zile nzuri zilikuwa zinauzwa na ncha mbili, ya kutumia na ya akiba, kwa sababu ncha ndio huvunjika. Sasa ncha ikivunjika inchi mbili tatu mtu alikuwa anarudishia pete ya juu, ile ya kupitishia mshipi, hapo ilipokatikia na anaendelea kuvua, kwa hivyo fimbo inaonekana nzima kabisa mpaka uweke vipande sambamba kwa meza ndio unaona kimoja ni kifupi. Fimbo yenye ncha fupi bado inavua lakini sio ile iliyotoka kiwandani, na bei lazima ishuke sana. Ile yangu ya Karen ina ncha moja imepungua inchi tatu. Sikupima hiyo siku. Ningeinunua tu, lakini ningejua.

Alafu unashika kila kipande kama unalenga bunduki, jicho moja, unakizungusha taratibu uone kama kimepinda. Kupinda kidogo kwa ncha ni kawaida, kila fimbo iliyofanya kazi imepinda kidogo. Kupinda kwa ghafla karibu na kiungo, hapo kuna ugonjwa. Angalia mistari ile ambapo vipande sita vinakutana, kama kuna mahali kucha inaingia basi gundi imeachia, fimbo nyingi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama na hiyo haipendi joto wala unyevu, ndio nasema tafadhali usiache fimbo kwa buti ya gari limeegeshwa juani, hata nusu saa. Mistari myeusi chini ya vanishi ni maji yaliingia. Ukigonga kipande taratibu na kidole kikilia kama kina kitu kimelegea ndani, weka chini uendelee na maisha.

Viungo vya chuma, feruli, ndio mahali mimi hutumia muda mwingi. Zinang'aa kama fedha lakini hakuna fedha ndani, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Zikiwa nzuri ukiunganisha zinaingia kwa upole na ukizivuta kwa haraka zinalia "pop" kama chupa imefunguliwa, juu hewa imefungiwa ndani. Hiyo sauti guka anaijua, nilipovuta mara ya kwanza alicheka kabisa. Zisipolia zimeisha, zimelika, na fimbo itakuwa inacheza kila ukirusha mpaka siku moja kipande cha mbele kitaruka mtoni. Ya kwangu moja ilikuwa inacheza na hapo ndio nilipata bahati, huko Grogan kuna mzee ana mashine ya kuchonga chuma, kazi yake ni vipuri vya gari, nikampelekea ile feruli peke yake, safari hii fimbo ikabaki nyumbani, nikamweleza kwa nusu saa ni nini nataka na nini sitaki. Akaichukua akaitazama na miwani, akasema rudi Alhamisi. Akaikaza kwa kiasi cha unywele. Sai inalia pop. Alikataa zaidi ya mia tano.

Kuna kitu cha kutahadhari nacho na wengi wanakiangukia. Utaona mtandaoni mtu anauza kisanduku kizuri cha mbao, ndani fimbo ya mianzi imepangwa na vipande vingi vya akiba, rili ya kuzungushia mshipi, na flai za rangi, yaani chambo bandia cha manyoya na uzi, bei juu kwa sababu "ni ya zamani". Hizo nyingi ni za Japani baada ya vita, miaka ya 1945 mpaka 1952 wakati nchi ilikuwa chini ya majeshi, zilitengenezwa haraka haraka wauziwe wanajeshi Wamarekani wapeleke nyumbani kama zawadi. Ni za zamani kweli. Lakini mwanzi wake ni laini, gundi ni mbovu, na kwa mto hazifai. Nilitoa 18,000 kwa moja. Kisanduku nakipenda mpaka leo, fimbo haijawahi kulowa.

Kuagiza kutoka nje inawezekana. Fimbo za kawaida za viwanda vya Marekani, South Bend, Montague, unapata kwa karibu dola mia, Hardy za kawaida labda pauni mia moja au mia mbili, zile za mafundi wakubwa kama Payne na Garrison ni maelfu ya dola na hizo mimi naziangalia kwa picha tu kwa heshima. Tafuta za vipande vitatu. Fimbo ya futi tisa ikiwa vipande vitatu kila kimoja ni futi tatu, inaingia kwa sanduku la mtu anayekuja likizo. Binamu yangu anayeishi Leeds amenibebea mbili hivyo, ndani ya bomba la plastiki la maji limezibwa pande zote.

Na kabla uweke mshipi wowote uliza fimbo ilitengenezwa lini. Hizi namba za uzito wa mshipi tunatumia sai, tano, sita, saba, zilikuja 1961. Za kabla ya hapo zinaandikwa herufi, kama HDH ambayo ni karibu na sita ya sasa, ilikuwa inapimwa kwa unene wa mshipi wa hariri. Ukiweka mshipi mzito kuliko ulioandikwa unaitesa.

Watu wananiambia si ununue ya kaboni, ni nyepesi na haiozi. Ni kweli. Marekani ilipofunga biashara na Uchina 1950 mwanzi ukakosekana kwao, faibaglasi ikachukua nafasi, alafu miaka ya 70 kaboni ikaja na ndio hiyo. Nina moja ya kaboni, inatupa mbali. Lakini kaboni inakuharakisha. Mwanzi unakungojesha, unausikia mkononi ukijaa pole pole mshipi unaponyooka nyuma, na ukirusha kabla haujajaa hakuna kitu kinatokea. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nikaelewa guka alikuwa anasema nini na ule ufito wa shambani. Alikuwa anatufundisha mwendo wa kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekiangalia tu.

Kuna dada tunasali naye, kazi yake ni kufunga flai kwa mkono, manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo kuliko ukucha. Hii kazi iko Kenya tangu wakati wa ukoloni na flai nyingi zinazotumika Ulaya na Marekani zimefungwa na mikono ya watu wetu. Nilimwonyesha ile fimbo ya Karen baada ya ibada, akaishika, akaangalia zile nyuzi za hariri zilizozungushwa kwa pete karibu dakika tano nzima bila kusema neno, alafu akasema huyu aliyefunga hapa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mimi ningeangalia miaka kumi nisione. Ndiye sasa hunifungia nyuzi zikikatika, na hakuna mtu ninamwamini zaidi yake.

Agosti tulienda na guka mpaka Gura, nikalipia kibali, tukashuka polepole mahali mto ni mpana kidogo na kuna jiwe la kukaa. Nikamuunganishia fimbo, akaniambia si hivyo, akaitenganisha akaanza upya na pua. Alirusha kama saa nzima. Hatukupata samaki, mmoja alikuja akaitazama flai akarudi chini ya jiwe, na guka akamwonyesha kwa kidole akamtaja kwa Kikuyu kama mtu wanajuana. Jioni nilitaka kuifuta fimbo akakataa kunipa kitambaa.

Ile iliyopigwa msasa iko kwa ukuta wangu, wima, siiuzi. Na ile ya Karen bado natafuta ncha yake ya pili, inchi 36 kamili, ya pembe sita, feruli ya kuingia. Kwa hivyo kama kuna mtu anahamisha nyumba ya mzee huko Karen, Limuru, Nyeri, Nanyuki, popote, na kwa stoo kuna mfuko mrefu wa kaki umefungwa vikamba, usipake kitu, usisafishe, pima tu urefu uniandikie hapa chini. Nitakuja na futi yangu.